Miguu ya Nzi Jike

Dada huyu, fundi cherehani, alizaliwa na kinyaa. Nzi akitua ukingoni mwa kikombe, chai yote anaimwaga. Kwa hiyo baba mkwe wake, mtaalamu wa wadudu aliyestaafu, alipomwita sebuleni, alikwenda kwa kujikokota. Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa jicho moja, na la pili lilishafifia zamani. Ofisi yake ya zamani ilimtumia picha sita za nzi, ikitaka kujua ni aina gani kabla ya saa kumi jioni. Mke wa mzee alishakataa katakata kuzitazama.

"Leo wewe ndiye macho yangu, mwanangu."

Fundi akafungua picha ya kwanza kwenye kompyuta. Nusura atapike. Nzi wawili, kioo kimewakuza kama panya, na jike kachomeka mdomo kwenye mbu aliyezongwa nyuzi, anamfyonza.

"Wanafanya nini?"

Mambo yale amwambie baba mkwe? "Wako... karibu karibu, baba."

Mzee akacheka. "Sema wamepandana. Hao ni nzi wa dansi, hucheza hewani kwa makundi. Dume huja na zawadi ya nyama; jike akishughulika kula, naye anapata nafasi yake."

"Uchafu gani huu!"

"Miguu ya jike ina manyoya?"

Akasogea, kitambaa puani, utadhani picha inanuka. Manyoya yalikuwa yamelowa majimaji ya mbu. "Yapo, kama pindo la pazia. Miguu ya nyuma na ya katikati."

"Ya katikati huwa mitupu. Hicho ni kivuli."

Hapo ufundi ukampanda. "Baba, mapindo nayashona kila siku. Kivuli hakina nyuzi."

Akafungua picha zote, moja baada ya nyingine. Katika nne, pindo lilionekana waziwazi. Mzee akalimeza jina alilokuwa nalo mdomoni, akamtajia jingine refu la kuandika, herufi kwa herufi.

"Ningewadanganya wa ofisini. Niwaambie aliyeona ni wewe?"

"Jina langu lisikae na uchafu huo, baba."

Akaenda kunawa mpaka viwikoni. Mama mkwe alipompakulia nyama, aliisukuma sahani kando.

"Mwenzetu," mama mkwe akauliza, uso umemchangamka, macho kwenye tumbo la mkwewe, "kuna habari njema?"

"Hakuna, mama. Ni nzi tu," akajibu, akakimbilia nje.