Jina la Mama Fumbo

Mpaka wanafika kwenye ukumbi wa hoteli, Mama Fumbo alikuwa amekwisha kuchoka, na kongamano lenyewe la waandishi lilikuwa bado halijafunguliwa. Yeye na bintiye walikuwa wamepandisha katoni za vitabu kwa ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu na wapagazi walikuwa wameambiwa wawashughulikie wageni rasmi kwanza. Alipopata kiti alivua viatu kimyakimya. Kitambaa cheupe cha meza kilifika hadi sakafuni, akamshukuru moyoni yeyote aliyekitandika.

Mama Fumbo si jina alilopewa na wazazi. Nusu ya umri wake alikuwa mpiga chapa wa mahakama, kazi yake kunakili kesi za watu: nani alimwibia nani, nani alimpiga nani na kwa nini. Alipofiwa na mumewe, usingizi ukamkimbia, akaanza kuandika hadithi za upelelezi ili usiku upite. Jina alilibuni kwa kuwaogopa mahakimu wasije wakamtambua, lakini wasomaji wakalipenda, na miaka ilivyosonga hata ndugu zake wakaacha kumwita vingine. Shujaa wa hadithi zake alikuwa Inspekta Ndimu, mtu wa uso mchungu asiyecheka wala kuchekewa. Watu walimsimamisha Mama Fumbo sokoni kumuuliza hali ya Ndimu, kama mtu anavyoulizwa hali ya mkwe.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa biashara alikuwa bintiye, kitinda mimba wake. Aliacha kazi ya kaunta benki akashika kila kitu: wachapaji, wachora majalada, maduka, na makundi ya simu ambako wasomaji waliulizana kitabu kipya kinatoka lini. Alikuwa hodari, na mama yake alimsifu mbele ya kila mtu. Ila kitabu kimoja kwa mwaka kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Wasomaji ni kama moto. Ukishaanza kuutia kuni, haukuulizi kama umepumzika.

Mwaka ule lilitokea jambo lililomtisha. Katika kitabu chake cha mwisho, mlinzi wa nyumba ya wageni aliuawa kwenye sura ya tatu, akazikwa. Kwenye sura ya kumi mlinzi yuleyule akafungua geti, akasalimia na kupokea mzigo. Mama Fumbo aliligundua hilo kitabu kikiwa kimekwisha kusambaa. Akakaa akingoja malalamiko, hayakuja. Wasomaji walisifu kama kawaida. Angetukanwa, angejisikia vizuri zaidi.

Kwa hiyo siku ile alikaa ukumbini kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwingine. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kumfanya mtu ajikunyate. Jukwaani alisimama mwezeshaji, kijana mwembamba mwenye kipaza sauti kilichobandikwa shavuni, akitembea huku na huko. Alisema mwandishi anayejitegemea lazima aache kujiona msanii na aanze kujiona duka. Duka halifungwi kwa sababu mwenye duka hana hamu. Alionyesha ukutani michoro ya mistari inayopanda, akasema aliye makini anaweza kutoa kitabu kila mwezi. Ukumbi ukaguna, kisha ukaandika. Bintiye Mama Fumbo naye aliandika, kalamu haipumziki. Mama alimtazama mkono ule mpaka ukurasa ukajaa.

Upande wa pili wa meza alikaa mzee mmoja mtunzi wa mashairi, mwalimu aliyestaafu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelalamikia kila kitu kuanzia chai. Alimwinamia Mama Fumbo akasema kwamba kama yeye ni duka, basi ni lile duka ambalo wateja huingia kuuliza njia tu. Mama Fumbo alicheka. Hakuwa amecheka siku nyingi, na hata kicheko kilimchosha.

Baada ya chakula cha mchana, bintiye alimjia akiwa na mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe na koti la kijivu. Alikuwa meneja wa kampuni kubwa ya kuchapisha na kusambaza vitabu, akaomba wazungumze pembeni. Wakaingia chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kilichojaa viti vilivyopandanishwa hadi karibu na dari. Meneja alishusha vitatu, akavifuta vumbi kwa leso yake.

Hakuzunguka mbuyu. Kampuni yake ilitaka kununua jina la Mama Fumbo pamoja na Inspekta Ndimu. Ingeajiri vijana wa kuandika, hadithi ziendelee kutoka chini ya jina lilelile, na majalada yabaki yalivyo. Alisema mambo hayo yanafanyika, hayana aibu, na kwamba yeye mwenyewe ni msomaji wa Ndimu tangu ujana wake.

Binti alijibu kabla mama yake hajafungua mdomo. Alisema kwa heshima kwamba mama hauzi jina, jina ni yeye mwenyewe, na kama kampuni inataka kusambaza vitabu wanaweza kuongea, lakini hilo la jina liishie hapohapo. Akaanza kusimama.

Mama Fumbo hakusimama.

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?" akamuuliza meneja.

"Hakuna, mama. Ukipenda kushauri, karibu. Usipopenda, utapumzika."

Neno lile lilimshuka kama maji ya uvuguvugu kwenye miguu iliyovimba. Wengi walikuwa wamemwambia ajikaze, asikate tamaa, wasomaji wanamngoja. Hakukumbuka ni lini mtu alimwambia apumzike bila kuongeza "halafu." Akamwomba meneja awaache kidogo.

Mlango ulipofungwa, binti alibaki amesimama katikati ya viti, mkoba begani, akimtazama mama yake kama anayemtazama mgeni.

"Mama, unataka kukubali?"

"Nataka."

"Mbona hukuniambia umechoka?"

Mama Fumbo alifikiri kwanza, maana hakutaka kumwumiza. Kisha akaona kwamba hana hata nguvu ya kutafuta maneno laini.

"Nilikuambia, mwanangu. Nilikuambia mgongo unauma, ukaninunulia kiti. Nikakuambia macho hayaoni vizuri, ukaniletea taa. Nikakuambia sipati hadithi, ukanipeleka hoteli ya ufukweni na kompyuta. Kila nilipolia ulinipa kitu cha kufanyia kazi."

Binti akakaa. Machozi yalimjaa lakini hayakuanguka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na hasira ndani yake. Alisema aliacha kazi yenye mshahara kwa ajili ya vitabu hivyo. Aliwapigia magoti wenye maduka ili Ndimu awekwe mbele badala ya kurundikwa nyuma na madaftari ya shule. Alipoteza uchumba kwa sababu kila mwisho wa wiki alikuwa kwenye tamasha au mnada wa vitabu. Sasa yote hayo apewe mtu mwenye koti la kijivu?

"Ninajua," mama yake akasema. "Ndiyo maana niliendelea. Hivi vitabu vya karibuni nimeviandika kwa ajili yako. Niliona nikiacha, nitakuwa nimekukatia tawi ulilokalia."

Nje ya mlango ukumbi ulipiga makofi, mwezeshaji akasema jambo, makofi yakaongezeka.

"Yule mlinzi," binti akasema mwishowe. "Wa nyumba ya wageni."

Mama Fumbo akainua uso.

"Nilimwona kabla hatujapeleka kiwandani. Nilikuja chumbani kwako nikuambie, nikakukuta umelala juu ya karatasi, miwani usoni. Ningekuamsha ungeanza kuandika upya. Nikasema acha afungue geti, nani atajua." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilijua umechoka, Mama. Nilijua siku nyingi. Nami nimechoka. Nilikuwa naogopa mmoja wetu akilitamka, tutalala wote wawili tusiamke."

Mama Fumbo alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Alimvua mkoba begani, akauweka sakafuni, akamshika mkono uleule ulioandika tangu asubuhi. Walikaa hivyo hadi meneja alipogonga mlango taratibu kuuliza kama arudi baadaye.

Hawakutia saini siku hiyo. Binti alidai karatasi zote zipitiwe na mwanasheria, na zilipopitiwa akadai zipitiwe tena, akibishana na meneja neno kwa neno mpaka meneja akamwambia Mama Fumbo kwamba anaogopa simu za bintiye. Mama Fumbo akamjibu kwamba kama ni hivyo basi amwajiri, maana hakuna anayemjua Ndimu kuliko yeye. Anajua hata mkono gani unamsumbua wakati wa baridi. Alilisema kwa mzaha. Meneja hakulichukua kwa mzaha. Kabla ya mwisho wa msimu binti alikuwa na meza yake katika jengo la kampuni, kazi yake kusoma kila hadithi iliyoandikwa na vijana walioajiriwa na kuwarudisha njiani. Mwanzoni alikwenda kwa shingo upande. Baadaye alianza kurudi nyumbani mapema, akapata muda wa kusuka nywele.

Habari za kuuzwa kwa jina zilipoenea, waandishi wengine walimsema Mama Fumbo. Yule mzee wa mashairi alimpigia simu. Alisema ameumia, na kwamba kuuza jina ni kuuza mtoto.

"Mtoto gani, mwalimu?" Mama Fumbo akamwambia. "Mtoto mwenye ndevu na bado nimnyonyeshe?"

Mzee akakohoa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kampuni hiyo inanunua na mashairi.

Miezi ya kwanza alilala. Alilala asubuhi, akalala mchana, akaamka jioni na alama za mto shavuni. Jirani zake walidhani anaumwa. Baadaye usingizi ulimtosha, na ndipo uzito mwingine ukaja, wa kuamka bila kuulizwa lolote na mtu yeyote. Alipanga kabati. Akalipanga tena. Mara mbili tatu aliketi mezani na kalamu, akaona mkono hautaki, akaondoka bila kugombana nao.

Kitabu cha kwanza kilichoandikwa na wale vijana kiliposafiri mpaka dukani, jirani wa ukuta mmoja alikuja nacho akimpongeza. Alisema safari hii Mama Fumbo amejipita, hakulala mpaka amemaliza. Mama Fumbo alimshukuru. Angeanzia wapi kumweleza? Aliazima kitabu hicho, akakisoma kibarazani kwa siku kadhaa, taratibu, kama mtu anayesoma habari za ndugu aliyehamia mbali. Kisa kilikuwa kizuri. Ufumbuzi wa mwisho hakuuona ukija, na hilo lilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja. Lakini Ndimu alikuwa amekuwa msemaji. Alieleza kila alichofikiri. Wa kwake angetazama tu dirishani, na mwizi angetokwa jasho mwenyewe.

Jumapili bintiye alipokuja, alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, akasubiri kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani. Mwishowe akauliza.

"Anaongea sana," Mama Fumbo akasema.

Binti akatoa simu haraka ili aandike. Niambie wapi, akasema, niambie ukurasa, kesho asubuhi nina kikao na vijana. Uso wake ulikuwa na ile bidii ya zamani, na chini ya macho kulikuwa na vivuli.

Mama Fumbo aliichukua simu mkononi mwake, akaiweka kifudifudi juu ya kitabu.

"Kesho," akasema. "Leo kaa tu."

Binti alitaka kubisha, midomo ilikwisha kufunguka. Kisha akajisogeza, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, na haukupita muda akaanza kukoroma kidogo, kama alivyokuwa akikoroma alipokuwa mdogo akipata mafua. Mguu wa Mama Fumbo ulikufa ganzi. Hakuusogeza.