Maombi ya Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa akipiga pasi kola ya shati la tatu alipoambiwa kwamba hatawaombea wagonjwa tena.

Aliyeleta habari alikuwa katibu wa akina mama wa kanisani, mwanamke mpole aliyeongea huku akiangalia viatu vyake. "Usinichukie, dada. Nimetumwa tu. Wanasema mtu aliyemwambia Mungu asimwite tena mja wake, atawaombeaje wenzake?"

Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomzindua.

Maneno hayo aliyasema kweli. Mara moja tu, kwenye benchi la hospitali, siku alipofariki mtoto wake wa pili. Wa kwanza alikuwa na miaka minne kaburini, na baba yao alikwisha kuondoka bila hata kuaga. Aliyemsikia ni mtu mmoja: rafiki yake mshonaji, ambaye walifunga na kuomba pamoja miaka kumi na mmoja hata wakaitana pacha. "Pacha," mshonaji alimwambia siku ile akimfuta machozi, "hili nitakufa nalo."

Hakufa nalo. Alisimama nalo kwenye mkutano wa akina mama, akaliita ushuhuda.

Mama Pasi hakuacha kwenda kanisani. Alikaa benchi la nyuma, na wimbo ulipomshinda alichezesha midomo tu.

"Mwenzetu una roho ngumu," jirani alimwambia. "Mimi ningehama."

"Nihamie wapi? Mwenye majibu yangu anakaa mle mle."

Alhamisi moja mchana mshonaji akatokea mlangoni, utepe wa kupimia bado shingoni. Binti yake alikuwa na uchungu tangu juzi; sasa ameingizwa chumba cha upasuaji, na mama mtu ameambiwa arudi saa tisa.

"Nimepita kwa wote, pacha. Kila mmoja anasema ataomba. Hakuna aliyepiga magoti."

"Usiniite hivyo."

Mama Pasi akapiga pasi mkono mmoja wa shati, akageuza, akapiga wa pili.

"Kwa nini uliwaambia?"

"Waliuliza mbona misiba haikuachi. Nikataka ionekane kuna sababu." Aliuzungusha utepe kidoleni. "Niliogopa. Kama haina sababu, basi hata mimi inaweza kunifika."

Neno la kumfukuza lilikuwa limemjaa Mama Pasi mdomoni. Kisha akaiweka pasi kwenye kigae, akapiga magoti kwenye saruji, na mwenzake naye akapiga magoti.

"Mungu," alisema, "huyu amenivua nguo mbele za watu. Na wewe ulikuwepo, ukanyamaza. Bado nina hasira, unaniona. Lakini binti yake hana kosa. Wangu hukunibakizia, na mpaka leo hujaniambia kwa nini. Huyu mbakize. Mbakize na kichanga chake."

Hakusema amina. Mshonaji alikuwa analia bila sauti, na mkono wake ulikuwa umelala sakafuni kati yao, kiganja juu.

Mama Pasi aliuona. Hakuushika. Hakuinuka pia. Nje mteja alibisha hodi, akabisha tena, akasubiri. Mama Pasi alifumba macho, akaanza upya, safari hii akimtaja yule binti kwa jina walilokuwa wakimwitia utotoni.