Kipimo Kilikuwa Wapi?

Msimamizi alipotamka neno "uzembe" mbele ya karakana nzima, mchomeleaji alihisi damu inamchemka. Aliyekuwa akisemwa ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyelazwa hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni.

Dada huyo alichomelea mabomba. Mdogo wake aliyapiga picha za mionzi kuona kama viungo vina nyufa. Siku ile alipomaliza, aliamini kichembe chenye mionzi kinachopigia picha hizo kimerudi ndani ya kasha lake la madini ya risasi linalozuia mionzi. Wapi! Kilikuwa kimenasa kwenye mpira wa kukipitishia, naye akaufungua kwa mikono mitupu. Hakusikia joto wala maumivu. Baada ya siku chache vidole viliiva wekundu, vikajaa malengelenge kama vya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Daktari alishasema viwili havitapona.

"Angepima mionzi kwanza, haya yasingetokea," msimamizi aliendelea. "Hilo ndilo funzo letu leo."

"Angepima na nini?" dada alifoka. "Kipimo kilikuwa wapi?"

Msimamizi akainua mkono kumtuliza.

"Mama, tusipandishe jazba..."

"Imeshapanda, na haishuki! Kipimo kilikufa, akakuletea mezani kwako. Ulimwambia nini?"

Msimamizi alikohoa. "Nilisema kitatengenezwa. Mabomba yalikuwa yanasubiriwa."

"Ulimwambia, 'Wewe piga picha, mengine baadaye.' Nilikuwa nimesimama nyuma yake! Baadaye yenyewe ndiyo hii. Kautazame ule mkono, halafu urudi utufundishe!"

Akavua glavu, akazibwaga chini. "Sichomelei hata nukta mpaka kipimo kizima kiwepo hapa."

Wachomeleaji wenzake wakazima mashine, mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake asubuhi kipimo kipya kikaletwa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kumbe kilikuwa kinapatikana!

Alipompelekea mdogo wake habari, yule aligeukia ukuta.

"Dada, waambie wajaribu kipimo kila siku kabla ya kazi. Na kikiwa kimya, wasiamini tu kwamba pako salama. Huenda kimekufa."

"Utawaambia mwenyewe."

"Wataniita mzembe."

"Thubutu! Utasimama mbele yao, nami nitakaa kiti cha mbele kabisa. Nataka nimwone huyo atakayefungua mdomo."