Wimbo Uliozima Taa

Kwaya ya idara ya maji ilipoimba wimbo wa mwaka 1712 sawasawa na ulivyoandikwa, kila kitu kilichobuniwa baada ya mwaka huo kiliacha kufanya kazi ukumbini.

Ilianza na feni, Jumanne, saa kumi na nusu jioni. Mafundi bomba, makarani na wasoma mita walikuwa wametoka kazini, wamesimama mistari minne katika ukumbi ulio nyuma ya stoo, jasho linawatiririka. Walipofika ukurasa wa pili bila kosa, feni ikasimama. Taa zikazimika, kinanda cha umeme kikanyamaza, na saa ya ukutani ikagoma. Fundi umeme akaja na ngazi, akafungua, akafunga, akasema umeme upo ila haufiki. Baada ya dakika kumi vitu vyote vikarudi vyenyewe. Akaandika kwenye kitabu chake kwamba ameshatengeneza.

Alhamisi ikawa vilevile, na safari hii vilichukua saa nzima kurudi. Kadiri walivyoimba vizuri ndivyo vitu vilivyokawia. Karani wa stoo, mtu aliyezoea kuhesabu hata misumari iliyopinda, alitoa kalamu ya wino aandike, ikagoma, akachukua penseli. Wiki ya pili alikuwa na orodha ya vinavyobaki na vinavyoondoka, akaibandika mlangoni ili watu wajue wavae nini.

"Miwani?" aliuliza fundi bomba mmoja mnene, mwimbaji wa besi.

"Inabaki. Watu wa zamani nao walikuwa hawaoni."

"Vifungo?"

"Vinabaki."

"Na zipu?"

Karani alimtazama suruali. "Hilo si unalijua mwenyewe, bwana."

Kiberiti kiliondoka. Mwavuli ulibaki. Uma wa chuma ambao mwalimu wa kwaya aliugonga ili kutoa sauti ya kuanzia ulibaki pia, kwa sababu ulibuniwa mwaka mmoja kabla ya wimbo. Dada wa masijala aliyekuja na blauzi ya nailoni alirudi kwao amejifunga pazia la ukumbi, na tangu siku hiyo wote wakavaa pamba. Alama ya chanjo iliyokuwa begani mwa fundi bomba ikafutika. Alilionyesha bega kwa kila aliyetaka kuliona, kisha akazoea.

Mwalimu hakuona ajabu. Alikuwa mstaafu wa miaka sitini na kitu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ujanani alipelekwa masomoni ng'ambo, akausikia wimbo ule mara moja tu, amesimama nyuma kabisa kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Tangu siku ile hakuna kilichomfurahisha sana. Aliwaambia waimbaji kwamba hayo yanayotokea ni dalili njema.

Siku moja alichelewa kwa sababu ya jino. Watu walichoka kumngoja, wakaanza bila yeye, wakaimba vizuri, ukumbi ukawa giza. Ndipo fundi bomba alipoanza kupiga benchi kwa viganja na kutoa tarumbeta kwa midomo. Sauti ya tatu wakapiga makofi. Mwimbaji wa kike aliyekuwa na sehemu ya peke yake, msoma mita waliyemwita Zumari, akaicheza ile sehemu. Akavuta noti moja, akairusha nyingine, akaongeza mwito wake wa kazini, ule anaoutoa kwenye mageti ya watu kila asubuhi, "Miiita! Mita ya maji hapaa!", unaopanda kisha unaporomoka mpaka mbwa wote wa mtaa wanamjua. Wimbo haukuharibika. Ulikaa vizuri, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Na taa zikawaka.

Mwalimu akaingia, shavu limevimba.

"Nani amewasha taa?"

Waimbaji wakainua macho kutazama taa.

"Nauliza, nani amewasha taa?"

"Ni furaha tu, Mwalimu," alisema fundi bomba.

"Wimbo huu si wa furaha yako."

Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakuhitaji tena kusikiliza kwa makini. Alitazama balbu iliyo juu ya mstari wa mbele. Ikipepesa, alijua mtu ameongeza kitu, akawasimamisha wote na kuwarudisha mwanzo. Tena akawafundisha jambo jipya: akiinua mkono wa kushoto, kwaya nzima iingie kwa sauti kubwa, popote ilipo, na kumfunika aliyekosea.

Zumari alikuwa na mama, na mama yake alikuwa kiziwi. Masikio yalikuwa yamefunga mwaka uleule binti alipoanza kuimba. Mama alikwenda kliniki miaka tisa, kila akienda anaambiwa arudi, mpaka mwaka huu, wiki saba kabla ya tamasha la idara, akapewa mashine ya sikio. Jambo la kwanza alilolisikia lilikuwa jirani akigombana na mke wake, naye alisikiliza mpaka mwisho.

Walipanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji sita. Zumari akiimba, ukuta unagongwa. Hata hivyo jioni ile ya kwanza alitaka kumwimbia mama yake palepale jikoni, polepole.

"Nyamaza," alisema mama.

"Kwa nini, mama?"

"Nimengoja miaka tisa. Siwezi kuimaliza hamu yangu juu ya sufuria. Nataka nikusikie ukumbini, umesimama, umevaa, na watu wamekaa kimya."

"Nitakuonjesha kidogo tu."

"Sitaki kuonja, nataka kula."

Basi Zumari hakuimba nyumbani. Alifurahi, kisha akakumbuka orodha ya mlangoni. Akamwendea karani wa stoo na kumuuliza kuhusu mashine ya sikio. Karani hakuhitaji kutazama daftari.

"Inaondoka, dada."

Usiku alimweleza mama yake. Alieleza vibaya, maana yeye mwenyewe hakuelewa. Alisema wakiimba sawasawa mashine itazima, na wakikosea makusudi itawaka.

"Kwa hiyo mnaimba vizuri mkikosea?"

"Hapana, mama. Si kukosea. Ni kama kukosea."

Mama alifikiri. "Nitabeba betri mpya," alisema.

Kesho yake Zumari alizunguka na mita zake huku kichwa hakipo. Kwenye nyumba tatu aliandika namba ya geti badala ya namba ya mita. Jioni aliwahi ukumbini kabla ya wenzake, akamkuta Mwalimu anapanga karatasi za noti.

"Mwalimu, naomba neno. Ile sehemu yangu inakuja mara mbili."

"Ndiyo."

"Mara ya pili kwenye karatasi hapajaandikwa kitu. Pana alama tu ya kurudi mwanzo. Naomba mara ya kwanza niimbe kama ilivyo, na mara ya pili nitie vionjo kidogo. Mama yangu atakuwepo, na anasikia kwa mashine."

"Hapajaandikwa kitu kwa sababu unarudia yaleyale."

"Lakini mtu harudii yaleyale, Mwalimu. Hata nikibisha hodi mara ya pili sibishi kama ya kwanza."

Mwalimu akaziweka karatasi chini. Hakuwa na hasira. "Aliyeutunga wimbo huu amekufa," alisema. "Hawezi kuja hapa kujitetea. Kila mtu akitia chake, baada ya miaka kumi hatakuwepo kabisa. Mimi ndiye niliyebaki kumsemea."

"Na mama yangu nani atamsemea?"

"Mama yako ataona. Ukumbi una madirisha makubwa."

 Kilichomsumbua Zumari ni kwamba maneno ya Mwalimu yalikuwa ya kweli, na ya kwake yalikuwa ya kweli pia, na yote mawili hayakutosha ndani ya wimbo mmoja. Fundi bomba alipoingia akamkuta bado amesimama.

"Vipi, dada?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, na mimi ni besi, sina hata sehemu ya peke yangu."

Tamasha lilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Madirisha yalifunguliwa yote. Walikuja watu wa idara na familia zao, na watatu kutoka chama cha wapenzi wa muziki wa kale, ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza kwaya na kuzitolea cheti. Watatu hao walivaa nguo za vifungo kuanzia shingoni hadi chini. Walikuwa wazoefu. Mama yake Zumari alikaa mstari wa mbele, betri mpya ameifunga kwenye pindo la leso.

Mwalimu aligonga uma wake, wakaanza.

Walikuwa hawajawahi kuimba vile. Taa kumi na mbili zilizimika pamoja. Feni mbili zikasimama. Wageni wasiojua orodha walishika suruali na magauni yao kwa mikono miwili na kuendelea kusikiliza. Ukuta uliotengenezwa kwa saruji upande wa stoo ulitoa vumbi. Ule wa mawe na chokaa haukufanya kitu. Mwanga ulibaki wa dirishani tu, na ulionekana wa zamani.

Zumari alitoka mbele, akaimba sehemu yake mara ya kwanza kama ilivyoandikwa. Ni sehemu ya mwanamke anayeuliza swali asijibiwe. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyowaambia, kwa kuwa maneno yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Alimtazama mama yake. Mama alitabasamu, akaigusa mashine. Akaitoa, akabadilisha betri, akairudisha. Akatikisa kichwa kufuata wimbo, lakini alikuwa anafuata vichwa vya jirani zake, na jirani wa kushoto alikuwa anasinzia.

Ikaja sehemu ya kati. Ikapita. Ikaja alama ya kurudi mwanzo.

Zumari alivuta pumzi na kuiimba noti ya kwanza kama ilivyo. Ya pili akaivuta. Kisha akaufungulia mwito wa getini, ukapanda, ukageuka pale juu mara tatu, ukaanza kuporomoka. Taa zote zikawaka. Feni zikazunguka na kupeperusha karatasi za wale watatu. Mkono wa mama ukashuka kutoka sikioni, akaketi wima kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mwalimu hakumtazama Zumari. Alitazama balbu. Akainua mkono wa kushoto.

Waimbaji thelathini na mmoja waliingia kwa sauti kubwa kama walivyofundishwa. Fundi bomba naye aliimba. Mkono ulikuwa mbele yake, na hakujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wake. Taa zikazimika. Zumari aliendelea kidogo, kisha hakujisikia hata yeye mwenyewe, akarudi kwenye mstari. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho bila balbu kupepesa tena.

Ulipokwisha watu hawakujua kama wapige makofi. Wengi hawakuweza, mikono ilikuwa na kazi. Wale watatu waliinuka wakapiga, na mmoja wao akafuta machozi. Mwalimu alipewa cheti palepale, kimeandikwa kwa kalamu ya unyoya. Alikishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Baadaye alimfuata Zumari uani.

"Ile mara ya kwanza," alisema, "sijawahi kuisikia vizuri namna ile. Hata kule."

"Asante, Mwalimu."

"Ungeniachia tu na ya pili."

Barua ya kwaya ikamfikia Zumari Jumatano. Ilimshukuru kwa miaka tisa, ikasema ameongeza noti kumi na nne zisizokuwepo, na kwamba sehemu yake amepewa dada wa masijala.

Mashine ya sikio haikurudi. Jumatatu Zumari alikuwa ameimba jikoni saa mbili nzima, kwa vionjo vyote alivyovijua, huku mashine iko mezani karibu na chumvi. Wapangaji hawakugonga ukuta. Mmoja alileta kiti akakaa mlangoni. Lakini kilichoondoka Jumamosi hakikumsikia mtu wa Jumatatu. Kliniki waliichunguza wakasema ni nzima, ila wakati wake haujafika, na kama mama anataka nyingine aandikishe jina upya.

"Ulikuwa unasemaje pale?" mama alimuuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Pale taa zilipowaka?"

Zumari alimwambia. Mama alimtazama midomo.

"Sawa," alisema. "Palikuwa pazuri pale. Halafu wakaja watu wengi."

Kwaya inaendelea kila Jumanne na Alhamisi. Cheti kiko ukutani. Wafanyakazi wa idara wamezoea kuja na mishumaa, na mgeni akiuliza, anaonyeshwa orodha.

Vilivyopotea ni hivi. Zipu arobaini na tatu, hazikurudi. Kalamu za wino kumi na tisa. Taa na feni, zilirudi baada ya wiki kumi. Alama moja ya chanjo. Mwimbaji mmoja. Sikio moja la mama wa miaka sabini na moja, alilolingoja miaka tisa na kulitumia wiki saba. Wimbo wote ni dakika kumi na tatu. Karani wa stoo, aliyekuwa na saa ya mfukoni ya kutia ufunguo, ya babu yake, alipima sehemu ambayo mama aliisikia. Ilikuwa sekunde kumi na moja.