Moto Kulia, Mwanga Kushoto

Dawa ya kifafa ilinitendea wema ikaniachia na adhabu: kifafa kilikoma, lakini fizi zikaota mpaka zikafunika meno. Nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Binti yangu Tereza amekua mpaka kuposwa bila kuyaona meno yangu ya mbele.

Basi siku za ruksa, watu binafsi walipoanza kufungua zahanati, Dokta Hamida, binti wa wenye malori pale Sumbawanga mjini, akaleta mashine mbili za kukatia fizi. Moja ya waya wa umeme, nyingine ya mwanga. Mwanga mtupu!

"Mama Tereza, kulia nitatumia waya, kushoto mwanga, kama ulivyokubali," aliniambia. "Tuone upande upi utapona upesi."

Akanichoma ganzi. Kulia nilisikia harufu ya nyama yangu mwenyewe ikiungua, nikataka kukimbia. Kushoto sikuona kisu wala moto. Nukta nyekundu tu, kama kaa dogo la mkaa, na fizi ikawa inaachia. Nani alimfundisha binadamu kukata kwa nuru?

"Usinywe cha moto, wala usivute kitu kwa mrija, mpaka nikuone tena," akaniagiza.

Kwao kwenye posa hunywa chai. Angejuaje habari za kimpumu, pombe yetu ya kuvuta kwa mirija? Jumamosi ya wiki iliyofuata wakwe walifika kwetu Mollo. Chungu cha pombe ya ulezi kikawekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa, mirija ikachomekwa. Kwetu mama wa binti ndiye huvuta kwanza. Asipovuta, amekataa posa, na wageni hunyanyuka wakaenda zao.

Mume wangu Flavian alinitazama. Tereza aliinamisha kichwa. Nami kwa ubishi wangu nikajisemea: moto naujua tangu nizaliwe, huo mwanga siujui. Nikaweka mrija kulia.

Damu! Utando uliokauka juu ya kidonda ulibanduka, damu ikanishuka kidevuni. Mama yake Adriano, mchumba wa Tereza, akauachia mrija wake.

"Damu kwenye posa? Hapa tumekataliwa."

"Hamjakataliwa!" nikafoka. Nikafuta kidevu, nikahamishia mrija kushoto, nikavuta kwa hasira zangu zote. Pombe ikapita ya moto. Nikangoja maumivu, hayakuja. Nikapitisha ulimi: fizi laini, imefunga kama haijawahi kuguswa. Mdomo uleule, pande zote mbili zilikatwa siku moja, jamani! Mungu wangu, nilistaajabu mpaka machozi yakanilenga.

Nikacheka kwa sauti, kiganja nikakisahau. Mama Adriano naye akacheka, akaushika tena mrija wake.

Tereza peke yake hakucheka. Alinisogelea, akanitazama katikati ya meno ya mbele, pale moto na mwanga vilipokutana. Kisha akagusa meno yake mwenyewe kwa kidole.

"Mama," akasema, "kumbe mwanya wangu niliupata kwako."