Dinah na Mamake Uani

Mwaka wa 1991 Nanyama alikuwa akitumikia kifungo katika gereza la wanawake, Kitale. Kabla ya hapo, kwake kijijini Kamukuywa, alipika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na nyingi aliimaliza mwenyewe. Siku moja akiwa amelewa chakari, sufuria ya maji moto ilimmwagikia bintiye Dinah mguuni. Majirani ndio waliosikia kilio, wakaita polisi.

Gerezani, nesi Jepchirchir aliwakusanya kila wiki wafungwa walioshindwa na pombe. Hakuwahubiria. Aliwataka wasimulie walivyokunywa, bila kumsingizia mume wala shetani. Sharti moja lilimkera Nanyama: mama asimwahidi mtoto jambo asilo na hakika nalo.

Nesi huyo ndiye aliyewaombea ruhusa waketi na watoto wao uani badala ya kuonana kupitia wavu. Hivyo Nakhungu, mama mkwe wa Nanyama, akamleta Dinah, msichana wa miaka saba.

Dinah hakumkimbilia mamake. Alimwambia, "Fungua mdomo."

Nanyama akafungua. Mtoto akainama, akanusa.

"Alikuwa anakunusa hivyo kila akitoka shule, wewe umelala," Nakhungu alisema bila kumtazama. "Akisikia harufu ya pombe, anakuja kula kwangu."

Nanyama hakuwahi kujua. Aliangalia chini.

"Unanuka uji," Dinah akasema, akaketi. Kisha akauliza, "Ukitoka utakunywa tena?"

Nanyama alitamani kuapa. "Sijui, mwanangu. Sitaki. Leo sijakunywa."

"Mtoto ametoka mbali hivi, unamwambia ati hujui?" Nakhungu alifoka.

"Nilimwahidi mara nyingi, mama. Si ulikuwepo?"

Dinah alivuta gauni, akaonyesha kovu. "Haliumi," alisema, akamwacha mamake aliguse.

Nakhungu aliondoka akisema hatarudi tena. Mwezi uliofuata alirudi na Dinah.

Nanyama alipofunguliwa alipanga chumba Kibomet, karibu na Kitale, akawa anapalilia mahindi ya watu. Dinah alibaki kwa nyanyake. Pombe ilimwangusha Nanyama mara moja. Jumapili iliyofuata akaenda Kamukuywa akamweleza bintiye mwenyewe, kabla hajaulizwa. Dinah alinuna, akakataa hata kumsindikiza njiani.

Shule zilipofungwa, Nakhungu alimleta Dinah Kibomet kusalimia tu. Jioni ilipofika, Dinah alisema atabaki. Nguo zake alikuwa tayari amezifunga kwenye leso tangu asubuhi.