Konokono Kaja Mjini

Vidole viwili vya Mama Pasi vilikuwa vimefika kwenye kiwiko cha shati jeupe, vikipanda polepole mkono mtupu uliolazwa juu ya meza, na midomo yake ilikuwa inanong'ona "kagonga kwa mjomba, hayupo," mwenye shati alipoingia kibandani kulichukua.

Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kufunga vifungo vyote hadi kile cha kooni hata siku ya joto. Alisimama akaviangalia vile vidole vikimaliza safari yao: vikapanda begani, vikasita, kisha vikazama ghafla kwapani mwa shati na kulitekenya kwa bidii zote.

"Mama Pasi," akauliza taratibu, "limecheka?"

Akajitetea kwamba alikuwa anakagua mshono. Karani akalipokea shati lake kwa ncha za vidole, akalinusa, akaenda zake. Kabla jua halijafika utosini mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba mpiga pasi siku hizi anatekenya nguo za watu. Muuza duka wa jirani alipita makusudi kuuliza kama na suruali nazo zinapata huduma hiyo.

Mama Pasi alifunua pasi, akapuliza majivu, akaongeza mkaa. Ilikuwa Ijumaa. Wifi yake, dada wa mumewe, angekuja Jumapili.

Jina lenyewe la Mama Pasi lilikuwa dhihaka, ila imechakaa hadi hakuna aliyeicheka tena. Wanawake wote wa mtaa waliitwa kwa watoto wao. Yeye hakuwa na wa kuitiwa, basi wakamwitia chuma. Alipoolewa na fundi bomba, mgane mwenye binti mmoja, alidhani jina litabadilika lenyewe. Halikubadilika. Binti alikuwa na miaka saba na mwili mdogo hivi kwamba baba yake alimwita Nukta, na huyo Nukta alimwita mke wa baba yake "huyo". Si kwamba alikuwa mtovu wa adabu. Alikula alichopakuliwa, alikwenda alikotumwa, alisema asante. Ila kicheko chake alikizima mara tu Mama Pasi anapotokea mlangoni, kama mtu anayewahi kufunga bomba majirani wasimmalizie maji.

Na kicheko kilikuwamo mle ndani, tena cha kutosha. Kila jioni fundi bomba akirudi na akishaoga, Nukta alimpa kiganja, naye akaanza kukizungusha kidole katikati yake:

Konokono kaja mjini,
kakosa pa kulala.
Kapanda ngazi, kapanda ngazi,
kagonga kwa mjomba, hayupo;
kagonga kwa shangazi, kalala;
kaingia
bila hodi!

Mjomba ni kiwiko, shangazi ni bega, na pa kuingia bila hodi ni kwapani. Mtoto alikuwa anaanza kupiga mayowe kabla konokono hajamaliza ngazi. Mchezo huo aliutunga marehemu mama yake, na baba mtu alikuwa ameurithi pamoja na sufuria na deni la machozi. Mama Pasi aliukariri akiwa amesimama kwenye ujia, amekumbatia mashuka ya watu yaliyokunjwa, akisikiliza kwa ufa wa mlango nyumba ambayo yeye ndiye mwenye funguo zake.

Habari ya wifi aliletewa na mumewe kwa ile sauti anayowaambia nayo wateja kwamba bomba limeoza chini ya sakafu. Alisema dada yake anakuja kuangalia mtoto anaendeleaje. Alisema yeye hatamlazimisha mtoto kuishi na mtu asiyemzoea. Akaongeza kwamba asimwelewe vibaya.

Mama Pasi alimwelewa vizuri kabisa. Kabla yake palikuwa na muuza mayai, mwanamke mpole, asiye na neno na mtu. Alikaa mle ndani mpaka siku dada mtu alipokuja, akamtazama mtoto, akasema mtoto huyu hana raha. Jioni ile ile muuza mayai akaonekana barabarani na trei zake, anatembea kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu hata mtu akifukuzwa mayai hayavunjwi. Kwa Mama Pasi, kufukuzwa kulimaanisha kurudi kwa kaka yake, kwenye benchi nyuma ya mlango wa jikoni. Mke wa kaka alikuwa akiiruka miguu yake kila asubuhi akienda kuwasha jiko, na kila asubuhi alisema "samahani" kwa sauti ya mtu anayeuliza "bado upo?"

Jumamosi alasiri Nukta alikuja kukaa kizingitini mwa kibanda, si kwa mapenzi, bali kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Mama Pasi alikuwa kwenye kola ya sare ya shule.

"Nifundishe ule wa konokono," akamwambia, macho kwenye kola.

"Unaujua. Nimekusikia unayanong'oneza mashati."

"Basi nikufanyie wewe."

Nukta akaitazama mikono yake bila haraka. Ilikuwa mikono ya kazi. Vidole vimekomaa kwa moto hivi kwamba alijaribu joto la pasi kwa kulamba kidole na kukigusisha kwenye chuma, tss, bila hata kupepesa.

"Inanuka mkaa," mtoto akasema. "Ya mama ilikuwa laini."

"Konokono hachagui mikono."

"Halafu mimi najua kujizuia." Aliyasema bila hasira, kama anayetaja umri wake. "Kesho ukinifanyia, sitacheka. Shangazi ataniona nimenyamaza. Yule wa mayai alilia."

Akanyanyuka, akajipangusa gauni nyuma, akaondoka akirukaruka kwa mguu mmoja. Mama Pasi alibaki anautazama ule mguu mpaka pua yake ilipomwambia kwamba kola imeanza kubadilika rangi.

Jumapili wifi aliingia na mkoba mkubwa, akauweka mapajani, na kila alipomaliza kuhoji jambo akaufunga kwa mlio, tap, kana kwamba jibu limeshaingia humo. Alitaka kujua nani anamchana mtoto nywele. Tap. Nani amemkata kucha, na mbona huu wa mwisho umekatwa vibaya. Tap. Akanywa chai, akasifia mashuka, akamsifu kaka yake kwa kunenepa. Nukta alikuwa amekaa pembeni mwa baba yake katika gauni la bluu lililonyooshwa hadi likasimama lenyewe. Shangazi alipouliza kama bado wanacheza ule mchezo wa marehemu, fundi bomba akafurahi kwa kupata kitu cha kufanya na mikono yake. Akamchezesha. Nukta akacheka mpaka akateleza chini ya kiti na kiatu kikamtoka.

"Haya, wifi," mgeni akasema. "Zamu yako."

Mtoto hakungoja kuitwa. Alivaa kiatu chake, akavuka chumba, akapanda mapajani mwa Mama Pasi kwa hiari yake, akanyoosha mkono namna watu wanavyomnyooshea daktari mwenye sindano.

Konokono akaja mjini. Akakosa pa kulala. Mama Pasi alikuwa ameosha mikono kwa ndimu mara kadhaa asubuhi ile, lakini sasa aliisikia mwenyewe ile harufu ya mkaa. Akapanda ngazi. Mjomba hayupo. Alipofika kwa shangazi, mgeni akachekelea peke yake, akasema kumbe amelala, hebu muone. Kisha konokono akaingia bila hodi, na ndani hapakuwa na mtu. Nukta alikuwa anatazama mbele, macho makavu, mdomo umefungwa vizuri, kama mtoto anayesubiri kupigwa picha.

Kijiko cha mtu kikagonga kikombe.

"Basi, wifi," mgeni akasema, kwa upole mbaya kabisa. "Mtoto si shati."

Fundi bomba akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, cha kumsaidia dada yake tu, na alipokimaliza akainama kutazama viatu vyake. Hicho kidogo ndicho kilichomwonyesha Mama Pasi benchi, mlango, na miguu inayorukwa.

Akaanza upya. Safari hii hakumrudisha konokono kiganjani. Hapakuwa na nafasi ya ngazi. Kila nguo ina mahali inapofichia ubishi wake, na mpiga pasi hupatafuta kwa vidole kabla ya chuma. Gauni la bluu lilikuwa limetulia kila mahali isipokuwa sehemu moja, chini kidogo ya kwapa, ambapo mtoto alikuwa amejikaza kuliko penginepo. Akaingia hapo. Akabonyeza.

Nukta akauma mdomo. Akakaza shingo. Pua yake ikaanza kutanuka na kusinyaa. Mama Pasi akaongeza mkono wa pili, upande wa pili, mahali pale pale, na kitu kikapasuka.

Hakuna aliyewahi kumsikia mtoto yule akicheka vile. Alijikunja, akajikunjua, akarusha miguu, na kiatu kile kile kikaruka hadi chini ya meza. Mkoba ukadondoka sakafuni, mwenye mkoba akapiga makofi. Fundi bomba akashika meza kwa mikono miwili akicheka kama mtu aliyeng'olewa jino na kukuta haliumi tena. "Muone," akawa anasema, "muoneni huyu." Katikati ya kicheko Nukta alisema basi. Akasema tena. Neno lilitoka limekatwakatwa, ba, ba, ba-si, na kwa wale wawili lilikuwa kipande tu cha kicheko. Kwa Mama Pasi lilifika zima, sikioni, na pumzi yake ya moto. Alilisikia la tatu. Alilisikia la nne. Alikuwa anamtazama wifi yake usoni juu ya kichwa cha mtoto, akisubiri uso ule umalize kulegea, na vidole vyake havikuacha kazi.

Viliacha aliposikia ujoto unaenea mapajani mwake.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akageuza uso, akaufukia kwenye shingo ya Mama Pasi, si kwa kumpenda, ila hapakuwa na shimo jingine karibu. Na Mama Pasi, aliyekuwa na akili ya haraka kuliko alivyojijua, akamkumbatia kwa nguvu, akasimama naye, akasema anakwenda kumnawisha uso, amecheka mpaka kamasi. Mgeni akapangusa machozi. Mama Pasi akiwa ameshafika kwenye ujia alimsikia akimwambia kaka yake kwamba sasa mtoto amepata mama, na kwamba angemtafuta huyu mapema asingepoteza muda na mambo ya mayai. Wakacheka wote wawili.

Kibandani alimvua gauni na kumfunga taulo. Akalisuuza gauni kwenye ndoo, akalikamua mpaka mikono ikamuuma, akalilaza mezani likiwa bado bichi. Pasi ilipogusa kitambaa mvuke ukapanda kati yao. Gauni dogo kama lile ni kazi ya muda mfupi sana. Alilipiga polepole, mbele na nyuma, akarudia pindo ambalo halikuwa na haja ya kurudiwa.

"Utamwambia baba?" Nukta akauliza.

"Nini?"

"Kwamba nimekojoa."

Palikuwa na neno la kumwambia mtoto hapo, neno fupi, ambalo hata mtu akikukanyaga sokoni hukutupia bila kufikiri. Lilimfikia Mama Pasi kwenye ncha ya ulimi na kukaa.

"Sitamwambia," akasema. "Na wewe, shangazi akikuuliza?"

Nukta akafikiri. Alifikiri kama mtu mzima, huku akilipandisha taulo.

"Nitasema nimefurahi."

"Umefurahi na nani?"

"Na mama," mtoto akasema, akiutazama mkaa.

Kutoka ndani mtu aliita kwamba chai inapoa. Mama Pasi akaitua pasi juu ya kigae, akalinyanyua gauni. Lilikuwa la kuvaliwa kwa kichwani, halina kifungo hata kimoja. Akalitanua kwa mikono miwili, likiwa na joto bado, akalishika juu ya kichwa cha mtoto.

"Inua mikono," akamwambia.

Nukta alikuwa amesimama wima, viwiko vimebana mbavu, vimebana hadi mabega yamekaribia masikio. Aliangalia juu, kwenye lile shimo la bluu. Mama Pasi akasubiri. Gauni lilining'inia hapo kati yao, likipoa.